Kuzaliwa nao si kurithi

Ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa nao ni kasoro ya umbo la moyo, au ya mishipa yake mikubwa, ambayo mtoto wa mtu au wa mbwa anatoka nayo tumboni. Maana yake imeishia hapo. Ninaandika kwa sababu hapa Isevya, Tabora, nimesikia tena mtu akiuita "wa kurithi", na safari hii neno hilo nusura limponze mbwa jike.

Jike huyo alizaa watoto sita. Mmoja alidumaa, akinyonya kidogo tu, anahema. Nilimwekea kiganja kifuani upande wa kushoto, karibu na kwapa la mguu wa mbele, nikakuta mtetemo usiokatika, kama ule wa mzinga wenye nyuki. Daktari wa mifugo alisikiliza, akasema huenda kuna mshipa uliokataa kujifunga, na kwamba uhakika utapatikana kwa altrasaundi ya moyo. Mzee jirani akadakia: "Huo ni wa kurithi. Mama yake msimzalishe tena."

Mtoto akiwa tumboni hapumui, kwa hiyo damu nyingi haina haja ya kupita mapafuni. Kimshipa kifupi huikatia njia kutoka mshipa wa mapafu hadi mshipa mkuu wa mwili. Akishazaliwa na kuvuta hewa, kimshipa hicho hujifunga ndani ya siku chache. Kisipojifunga, damu huvuja kurudi mapafuni, moyo ukijikaza na hata ukilegea, ndiyo maana mvumo wake haukatiki.

Altrasaundi hutuma mawimbi ya sauti yanayozidi mitikisiko 20,000 kwa sekunde, ambayo sikio letu haliyapati, kisha huchora picha kwa mwangwi unaorudi. Kifaa huwekwa katikati ya mbavu, maana mfupa na hewa huyazuia mawimbi. Daktari huona vyumba vya kushoto vilivyotanuka, na kwa kipimo cha Doppler huona damu inaelekea wapi. (Rangi kwenye skrini: nyekundu ni damu inayokuja kwenye kifaa, bluu ni inayokwenda mbali nacho. Si damu safi na damu chafu.) Lakini skrini hiyo haionyeshi kasoro imetoka kwa nani.

Hapo ndipo maneno haya mawili yanapoachana. "Kurithi" limetujia kutoka Kiarabu, ni ndugu wa mirathi na mrithi. Ndani yake lazima awepo aliyeacha na aliyepokea. "Kuzaliwa" linatoka kwenye kuzaa, neno la Kibantu, na "nao" inasema tu kwamba wamefika pamoja, mtoto na kasoro yake, siku moja. Nani kampa, neno halisemi.

Na mambo yenyewe ndivyo yalivyo. Mama mjamzito akipata rubela, ugonjwa wa virusi unaofanana na surua, mimba ikiwa changa, mwanawe anaweza kuzaliwa na kimshipa hichohicho wazi. Amezaliwa nao, hakurithi. Kinyume chake, mbwa wengi wa aina ya Doberman hurithi udhaifu wa misuli ya moyo, lakini huzaliwa na moyo unaoonekana mzima na kuugua ukubwani. Kwa Poodle yote mawili hukutana, kwani kimshipa kisichojifunga kinajulikana kupita kwenye ukoo wao. Ndiyo maana sisemi kwamba mtoto wetu hakurithi. Nasema picha ya moyo haiwezi kutuambia; urithi hutafutwa kwa ndugu zake, wazazi wake na uzao mwingine.

Kwa hiyo, mzee wangu, kwa sasa tuseme amezaliwa nao. Jumamosi daktari anarudi kuwasikiliza wale watano wengine, na mama yao pia.