Dhana potofu kuhusu mchoraji anayeshindwa

Maneno yafuatayo nimeyasikia Dodoma kwa miaka mingi, na baadhi yake niliyaamini hadi yakanizuia kushika brashi.

Dhana: Picha ikiharibika, mchoraji hana kipaji.

Ukweli ni kwamba mara nyingi vifaa na hewa huiharibu picha hata kabla ya kipaji kujaribiwa. Mkoa wetu ni mkame, na kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni ya kusikia tu. Rangi ya akriliki hukauka maji yake yanapopotea hewani, kwa hiyo hapa hugandia kwenye sahani, na anayetaka kuchanganya rangi taratibu juu ya turubai huishia kupaka mabaka. Rangi ya mafuta ina tabia nyingine: mafuta ya kitani hushika oksijeni ya hewani na polepole hugeuka utando mgumu, kazi inayochukua siku kadhaa au wiki. Ukipaka tabaka lenye mafuta machache juu ya lile lenye mafuta mengi ambalo bado halijatulia, la juu hukakamaa kwanza, kisha hupasuka. Picha yangu kubwa ya kwanza, ya mbuyu na ng'ombe, ilipasuka hivyo, nami niliificha uvunguni mwa kitanda kwa miaka mitatu nikiulaumu mkono wangu.

Dhana: Uchoraji wa Tanzania ni Tingatinga, watu wa kanda ya kati hawana jadi ya kuchora.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mtindo wake Dar es Salaam mwaka 1968, na heshima yake haipungui kwa kusema kwamba hakuwa wa kwanza. Kaskazini mwa jiji letu, wilayani Kondoa, kuna zaidi ya miamba 150 yenye michoro, na UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu walichora huko kwa muda usiopungua miaka elfu mbili, na hadi leo baadhi ya miamba hiyo ni mahali pa matambiko. Ukisimama Kolo, kijiji cha huko Kondoa, utaona michoro mingine imechorwa juu ya iliyotangulia, nyeupe ikiipanda nyekundu. Sidai kwamba wazee wale walikuwa wakisahihisha makosa, ila naona hawakuhitaji mwamba safi ili waanze.

Dhana: Mgogo halisi huchora ngoma ya muheme na mifugo.

Hukwe Zawose, mwanamuziki, Mgogo mwenzetu aliyepeleka zeze na ilimba, ala za muziki za Kigogo, kwenye majukwaa ya dunia, aliishi Bagamoyo miaka mingi, na sijasikia mtu akimwambia kwamba pwani ilimpunguzia Ugogo. Mimi huchora pia vituo vya daladala na magorofa yanayoota tangu serikali ihamie huku. Wateja hulalamika, hilo ni suala la soko.

Dhana: Kung'ang'ania ni kurudia picha ileile hadi ikubali.

Kurudia bila kubadilisha chochote ni kupoteza rangi, ambayo kwetu si rahisi. Siku hizi huandika katika daftari kiasi cha mafuta katika kila tabaka na siku nilizosubiri. Ile picha ya mbuyu niliikwangua palipoinuka, nikapaka upya juu yake. Nyufa mbili bado zinaonekana chini ya anga, na nimeziacha.