Nafasi ya mkuu wa biashara kiwanja cha ndege: acheni kutafuta koneksheni, someni tangazo

Kila ikitangazwa nafasi kubwa ya biashara kwenye viwanja vya ndege vya serikali, iwe mkurugenzi wa biashara au meneja wa kuendeleza biashara, sisi tunaoshughulika na ajira za taasisi za umma simu hazipoi. Na wengi wanaopiga hawaulizi kazi inataka nini, wanauliza "hii ni ya nani?" au "nipite kwa nani?". Alafu malalamiko ya matangazo feki nayo yamezidi, linapita tangazo kwenye magrupu ya WhatsApp lina nembo ya taifa, lina mhuri, mwishoni kuna namba ya simu ya mtu binafsi ya kutuma hela ya fomu. Nimeona niandike hili kwa urefu kidogo maana najua wengi mnauliza kwa nia njema kabisa.

Hela kwanza. Hakuna fomu inayouzwa. Maombi yanatumwa kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, unafungua akaunti mwenyewe kwa namba yako ya NIDA, unajaza, unapandisha vyeti, unatuma, basi. Mtu akikwambia tuma kwenye laini hii nikuwekee jina huyo ni tapeli, malipo ya serikali yanaenda kwa kontro namba (namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo wa serikali), na hata akikuletea kontro namba bado ni tapeli kwa sababu kuomba kazi serikalini hakulipiwi chochote. Na kama anayeomba ni mtumishi kweli, hiyo ni rushwa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya 2007, kifungu cha 15, faini au jela kuanzia miaka mitatu mpaka mitano au vyote viwili, na kifungu hicho kinamgusa anayepokea na anayetoa. Hiyo ya anayetoa watu huwa wanaisahau, mtu anakuja kulalamika kwamba katoa hela na kazi hajapata, anasimulia bila wasiwasi kabisa! Akiombwa ngono badala ya hela kuna kifungu cha 25. TAKUKURU namba yao ni 113, piga bure.

Sasa kazi yenyewe. Mkuu wa biashara sio Mkurugenzi Mkuu, yule anateuliwa. Na sio rubani wala injinia, kwa hiyo lile lalamiko la kila siku kwamba "wamemchukua mtu wa masoko hajui ndege" naomba liishe. Viwanja vya serikali Tanzania Bara viko chini ya TAA (Mamlaka ya Viwanja vya Ndege), ni zaidi ya hamsini, kuanzia JNIA (kiwanja cha Julius Nyerere) pale Dar mpaka vya changarawe huko mikoani, na tangu Novemba 2023 KIA (kiwanja cha Kilimanjaro) nayo iko mikononi mwa TAA baada ya kutoka KADCO, kampuni iliyokuwa inakiendesha (Zanzibar wana mamlaka yao, msichanganye). Vingi kati ya hivyo havijitoshelezi. Ndege zinatua chache lakini zimamoto lazima wawepo, ulinzi uwepo, majani yafyekwe, na hela ya kufanya hayo inategemea sana viwanja vichache vyenye abiria wengi. Mtu wa biashara akilala pale JNIA anaumia abiria wa mkoa mwingine kabisa ambaye hata jina lake halijui.

Jengo la tatu la JNIA lilizinduliwa Agosti 2019 na limejengwa kuhudumia abiria milioni sita kwa mwaka. Jengo lipo, kwa hiyo swali la mkuu wa biashara ni kila mita ya mraba mle ndani inaingiza nini, nani kapanga, analipa kima cha chini cha kodi ya pango kiasi gani, juu ya hiyo kodi tunapata asilimia ngapi ya mauzo yake, na mkataba unaisha lini. Msailiwa anayekuja na "nitapandisha tozo za ndege kutua" tunajua hajasoma. Tozo hizo zina msimamizi wake, TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) wapo. Ada ya abiria nayo, dola 40 kwa safari ya nje na shilingi 10,000 kwa safari ya ndani, imewekwa kisheria na iko ndani ya tiketi, mkuu wa biashara hawezi kuamka asubuhi akaibadilisha. Kwake yeye kuna maduka, migahawa, mabango, maegesho ya magari, kumbi za kupumzikia, maghala ya mizigo, na ardhi inayozunguka kiwanja.

Mwingine anaahidi ataleta shirika kubwa la nje litue Mwanza kila siku. Vizuri, lakini haki za kutua zinatokana na makubaliano ya nchi na nchi, hayako kwenye droo ya mkuu wa biashara. Anachoweza ni kulifuata shirika akiwa na takwimu za abiria wanatoka wapi kwenda wapi, mizigo ipo kiasi gani, na unafuu gani taasisi iko tayari kuutoa kwenye safari mpya baada ya kupata vibali. Hiyo ni kazi ya miezi, wakati mwingine miaka.

Na mizigo ndo inayoniuma zaidi. Nenda Arusha na Kilimanjaro uone maua na mbogamboga zinavyopakiwa kwenye malori ya ubaridi, zinavuka Namanga, zinapandia ndege Nairobi, wakati KIA ipo palepale tangu 1971. Minofu ya sangara kutoka Mwanza nayo kwa miaka mingi imekuwa ikitafuta ndege nje ya mipaka. Juni 2023 Air Tanzania walipokea ndege ya mizigo Boeing 767-300F yenye uwezo wa tani 54, hatua kubwa, ila msafirishaji hahami kwa sababu ya ndege moja, anataka ratiba isiyoyumba, chumba cha baridi ambacho hakizimiki, forodha na ukaguzi wa mimea vimalizike sehemu moja, na bei ambayo akipiga hesabu anaona hasara ya kwenda Nairobi. Wa kuwakalisha hao wote meza moja ndo huyu tunayemtafuta. Kwa hiyo mnapotuambia nafasi kama hii apewe tu mtoto wa fulani, mjue mnazungumzia hasara ya mkulima.

Turudi kwenye taratibu maana hapa ndo wakubwa wengi wanakwama, na inasikitisha kuona mtu mwenye uzoefu mzuri benki au kampuni ya simu anatolewa kwenye mchujo wa kwanza kwa vitu vidogo. Mtu ana shahada ya uzamili, kaongoza watu, alafu hajaweka cheti cha kidato cha nne kwa sababu anaona ni cha kitoto. Kinatakiwa. Cha nne, cha sita kama ulipita huko, vyeti vya chuo, cheti cha kuzaliwa. Karatasi za matokeo (result slip) za kidato cha nne na sita hazikubaliki, matokeo ya muda hayakubaliki, barua ya mkuu wa shule haikubaliki. Umesoma nje? Vya sekondari vinahakikiwa NECTA (Baraza la Mitihani), vya vyuo vikuu TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), vya vyuo vya kati na ufundi NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), na usisubiri uitwe ndo uanze kuhangaika. Majina yakitofautiana kati ya cheti na kitambulisho unatakiwa kuwa na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, kile kiapo cha kuandikiwa chini ya mti nje ya mahakama peke yake hakitoshi. Barua ya maombi iwe na saini yako, CV iwe na wadhamini wanaopatikana kwenye simu. Ukiitwa usaili njoo na vyeti halisi na kitambulisho, na nauli, chakula na malazi unajigharamia mwenyewe, hilo huwa limeandikwa kwenye tangazo la kuitwa na bado kila mara kuna mtu anauliza posho.

Umri sasa. Matangazo mengi yanasema usizidi miaka 45 isipokuwa kwa waliopo serikalini tayari, na hapa watu wa sekta binafsi wanakasirika sana, naelewa, maana uzoefu mkubwa wa biashara unakuja ukiwa na umri huohuo. Sababu ni pensheni, kustaafu kwa lazima ni 60 na mfuko unataka uwe umechangia angalau miaka 15, piga hesabu mwenyewe. Kama nafasi ni ya mkataba tangazo linaweza kuwa na masharti tofauti, ndo maana nawaambia lisomeni lote. Kwa aliye mtumishi wa umma tayari, barua yako ipitie kwa mwajiri wako. Na ule waraka wa Novemba 2010 mnaotumiana unahusu watumishi wanaoomba nafasi za kuingilia kazini, hauwazuii kuomba nafasi ya juu, tafadhali acheni kutishana nao.

Kuhusu kuchelewa. Mtu kafanya usaili, kimya, anaanza kusema nafasi ishauzwa. Nafasi ya madaraka ina upekuzi. Vyeti vinahakikiwa kwa waliovitoa, waajiri wa zamani wanaulizwa, maslahi ya biashara yanaangaliwa. Huyu mtu atapendekeza nani apewe eneo la duka kwa miaka mitano, nani ajenge ghala kwa miaka mingi zaidi, kwenye mali ambayo ni yako na yangu, na akikosea mkataba haufutiki kwa sababu tu yeye kahamishwa. Kama shemeji yake ana mgahawa mle ndani ya jengo tunataka kujua kabla, sio baada. Akiingia kwenye orodha ya viongozi wanaobanwa na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma Na. 13 ya 1995 atajaza tamko la mali na madeni anapoanza, na tena kila mwaka kabla ya Desemba 31 kuisha. Manunuzi yake yatapita NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali wa mtandaoni, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023, maeneo yatatafutiwa wapangaji kwa ushindani, mikataba itasomwa na wanasheria. Waliozoea kufunga dili kwenye chakula cha mchana huwa wanashangaa hapa, na ni haki yao kulijua hili kabla hawajaacha kazi walizonazo.

Kughushi sitazunguka. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti vya kidato cha nne, cha sita na ualimu ulikuta watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini, wengine walikuwa na miaka mingi na wana vyeo. Kughushi ni kosa la jinai kwenye Kanuni ya Adhabu, na kutumia cheti cha kughushi ni kosa lingine, hata kama aliyekitengeneza sio wewe. Kutumia cheti cha marehemu kaka yako nako ni humohumo. Kuongeza miaka ya uzoefu kwenye CV watu wanaona ni mambo ya kawaida, lakini tukipiga simu kwa mwajiri wako wa zamani na tarehe zisilingane umetoka, na jina lako tunaliandika.

Mwenye ushahidi kwamba nafasi fulani ilipangwa alete, tena kwa maandishi, kwa taasisi iliyotangaza au kwa Sekretarieti, aandike jina la nafasi, tarehe ya tangazo, tarehe ya usaili, nani alisema nini na lini, aambatishe meseji au muamala kama upo. Barua ya hivyo inafunguliwa jalada na inajibiwa. Ile ya "nasikia kuna mtu wao" hatuna pa kuanzia, na wakati mnaisambaza kuna kijana mwenye sifa zote anaisoma anaamua asiombe.