Kushare faili si kosa, shida ni kushare kitu cha mtu bila ruhusa yake

Kila sisi tunaosimamia hakimiliki tukitangaza msako wa uharamia wa mtandaoni simu zinaanza kulia, na maswali ni yale yale, ati serikali inafunga Telegram, ati torrenti, ile njia ya kompyuta za watu kugawiana faili moja kwa moja, zimepigwa marufuku, ati ukipatikana na muvi moja kwa flashi unaenda ndani. Hapana. Hakuna sheria Kenya inayokataza kushare faili. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inauliza tu hiyo kazi ni ya nani na nani alikupa ruhusa. Video ya harusi ya dadako share mpaka uchoke. Linux, ile programu ya bure ya kuendesha kompyuta, hata wenyewe ndio wanaiweka kwa torrenti ili seva zao zisilemewe, na hakuna mtu atakuuliza kitu.

Lakini sasa kuna hii ya "mimi sikulipisha mtu". Tunaisikia kutoka kwa maadmini wa machaneli karibu wote, na wengi wanaisema kwa nia safi kabisa, wanaamini wanasaidia watu. Someni kifungu cha 38 tafadhali. Kuuza nakala haramu ni kosa, kukodisha ni kosa, na kusambaza kumetajwa peke yake, hakujafungwa kwa pesa. Ukiweka albamu mpya ya msanii kwa chaneli ya watu elfu kumi huku unajua hana habari, hiyo ni kusambaza hata kama hukupata hata shilingi ya kreti ya soda, na adhabu ya kusambaza inaweza kufika faini ya shilingi 400,000 au kifungo cha miaka 10 au vyote viwili. Hiyo ni kiwango cha juu, hakimu ndiye anapima, si kila mtu anapigwa hivyo, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Na kuna wale wanaandika chini ya video "sina hakimiliki ya wimbo huu, haki zote ni za mwenyewe". Jamani, tuachane na hii kitu. Maneno hayo hayakukingi popote, na kibaya zaidi yanaonyesha ulijua kazi si yako, wakati sheria inaangalia sana kama mtu alifanya akijua au hakujua.

Mtu wa nyumbani anayejitazamia kitu chake huwa si yeye tunayemtafuta, sheria yenyewe inatoa nafasi kwa matumizi ya binafsi. Tatizo ni kwamba wengi hawajui torrenti inafanya nini. Ile programu ukiifungua kudaunlodi faili haingoji imalize, kila kipande kinachoingia kwako inaanza hapo hapo kukitoa kwa watu wengine wanaokitafuta, ndio maana inaenda kasi, Bram Cohen aliitengeneza hivyo 2001 makusudi. Angalia ile skrini vizuri utaona mishale miwili, mmoja wa kushuka na mmoja wa kupanda. Sasa huo wa kupanda ni usambazaji. Unakaa hapo unasema ni ya kutazama peke yako kumbe kompyuta yako usiku kucha inagawia watu usiowajua, na ukilala bila kuifunga inaendelea tu hadi asubuhi.

Wenzetu Marekani walianza kwa kushika watu wa kawaida. Kuanzia 2003 kampuni za muziki zilishtaki maelfu ya watu mmoja mmoja, kuna mama wa Minnesota aliyeishia kudaiwa dola 222,000 kwa nyimbo 24. Watu hawakuacha kudaunlodi, na kufikia 2008 kampuni zenyewe zikasema hazitaendelea kufungua kesi mpya za aina hiyo kwa wingi. Baadaye nguvu ikahamia kwa wenye saiti, Megaupload, saiti kubwa ya kuhifadhi na kugawa faili, ikafungwa Januari 2012, na hapo hata watu waliokuwa wamehifadhi faili zao halali wakazikosa. Kwa hivyo kama kazi yako yote iko kwa akaunti moja ya kuhifadhia, weka nakala nyingine mahali pengine leo leo.

Sasa hivi nguvu iko kwa kampuni za intaneti, na hapa ndipo naomba wasanii na maprodyuza wasome polepole, manake tunapoteza muda mwingi na notisi mbovu za kutaka kazi iondolewe mtandaoni. Marekebisho ya 2019 ya Sheria ya Hakimiliki yalileta kifungu cha 35B. Ukiona kazi yako mahali unaandika notisi kwa kampuni inayotoa huduma, unaweka majina yako kamili, anwani, sahihi, unaeleza kazi yenyewe ni ipi, na unaonyesha hasa ni kitu gani kiondolewe. Si "ondoeni nyimbo zangu zote mtandaoni". Weka linki kamili, moja moja. Unaambatanisha hati ya kiapo kwamba haki ni zako na kwamba unalalamika kwa nia njema, na unaeleza kama ulijaribu kumwambia aliyeweka aitoe. Nakala inaenda pia kwa bodi ya hakimiliki na mamlaka ya mawasiliano. Skrinshoti uliyotumia rafiki yako kwa WhatsApp si notisi.

Kampuni ikishapokea ina masaa 48 ya kazi kufunga. Ya kazi. Ukituma Ijumaa jioni usitupigie Jumapili ukisema umepuuzwa. Ikikaa kimya bila sababu inaweza kubebeshwa hasara yako, lakini haina wajibu wa kukaa ikichungulia kila kinachopita kwa mitambo yake, hilo lenyewe liko kwa sheria na ni vizuri liwe hivyo. Na ukitoa notisi ya uongo, labda kumfungia mshindani wako chaneli, ni faini hadi shilingi 500,000 au miaka mitano, au vyote, na bado utalipa hasara uliyosababisha.

Najua watu wa mpira watasema masaa 48 ni bure, mechi ni dakika 90. Ni kweli. Ndio maana MultiChoice, wenye DStv, iliyopeleka notisi kwa kampuni za intaneti Safaricom na Jamii Telecommunications 2019 kuhusu saiti zinazoonyesha mechi bila ruhusa ikaishia Mahakama Kuu, na 2022 mahakama ikaamuru saiti zile zifungwe. Italia waliamua kwenda mbio, tangu Februari 2024 wana mfumo unaofunga anwani ndani ya dakika 30 baada ya mwenye haki kuripoti, bila kupitia kwa jaji kwanza. Oktoba mwaka huo huo ukafunga sehemu ya Google Drive nchi nzima, watu wakakosa faili zao za kazi na za shule kwa masaa kwa sababu ya ripoti moja mbaya. Mimi naunga mkono kufunga saiti za wizi, wasanii wetu wanaumia na naona hilo kila wiki, lakini kasi ya namna hiyo bila mtu wa kukagua sitaki ije hapa. Kile kiapo mnachokiona usumbufu ndicho kinachozuia hayo.

Na wewe admini ukiletewa nakala ya notisi, usifute chaneli kwa hofu na usituandikie matusi. Kama kazi si yako, itoe. Kama una haki nayo, tuma notisi ya kupinga kabla yale masaa hayajaisha, na uambatanishe ruhusa. Ruhusa ya kawaida isiyo ya kipekee inaweza hata kuwa ya mdomo kwa sheria yetu, lakini ya mdomo utaithibitishaje msanii akikana, kwa hivyo mwambie akuandikie, hata meseji, ataje wimbo gani, uwekwe wapi, mpaka lini. Ile ya kipekee, yaani wewe peke yako ndiye unaruhusiwa, lazima iwe ya maandishi, bila hiyo hatuna pa kukusaidia.