Je, wajua kwa nini serikali ya Marekani ikifungwa gharama huongezeka?

Mjomba wangu ana gari la kifahari chini ya mwembe. La Kijerumani, injini V8, viti vya ngozi, la mwaka 2003. Alilinunua mtumba kwa bei ya Toyota IST, akatamba nalo mjini mwaka mmoja, kisha petroli na spea zikamshinda. Akaamua kuliegesha mpaka mambo yatengemae. "Likikaa halili," alisema.

Lilikula. Shokapu zake si za springi, ni mifuko ya mpira iliyojazwa upepo. Mpira ukizeeka unapata nyufa, upepo unavuja, na asubuhi unalikuta gari limelalia tumbo kama ng'ombe mgonjwa. Betri nayo ikafa, maana magari ya aina hii hata ukiyazima bado kuna kompyuta zinazonyonya umeme kidogo kidogo. Panya wakaingia kwenye nyaya. Baada ya miezi minane mjomba akataka kuliamsha: pampu ya upepo ikahangaika kujaza mifuko inayovuja, haikupumzika, ikaungua. Bili ya fundi ilifika robo ya bei aliyolinunulia gari lenyewe. Gari la kifahari likizeeka linashuka bei, lakini spea zake hazishuki nalo. Pampu haijui kwamba mwenye gari sasa ni mwalimu mstaafu.

Nilimkumbuka mjomba Novemba 2025, serikali ya Marekani ilipofunguliwa baada ya kufungwa siku 43, muda mrefu kuliko yote katika historia yake hadi wakati huo. Wengi huku kwetu huuliza swali la maana kabisa: nchi tajiri namna ile inafungaje serikali? Na wakishafunga, si angalau wanaokoa hela?

Tuanze na kufungwa kwenyewe. Mwaka wa fedha wa Marekani huanza tarehe 1 Oktoba, na Katiba yao inasema fedha haitoki hazina mpaka Bunge lipitishe sheria ya matumizi. Tangu 1884 kuna sheria inayokataza ofisi za serikali hata kupokea kazi ya kujitolea, kwa hofu kwamba aliyejitolea leo atakuja kudai mshahara kesho. Lakini kwa karibu miaka mia moja hakuna aliyeisoma kuwa ni amri ya kufunga milango. Bajeti ikichelewa, ofisi zilibana matumizi, zikaendelea na kazi na kungoja wabunge wamalize ugomvi wao.

Mambo yalibadilika mwaka 1980. Mwanasheria Mkuu wa Rais Carter, Benjamin Civiletti, alitoa maoni kwamba pasipo fedha iliyoidhinishwa, kazi isimame. Baadaye akaruhusu zibaki zile za kulinda maisha na mali. Wa kwanza kuonja walikuwa Tume ya Biashara ya Shirikisho, Mei 1980: walifungiwa siku moja tu, na siku hiyo iligharimu takriban dola 700,000. Ajabu kidogo, ukifikiri kwamba lengo lilikuwa kulinda fedha za umma.

Sasa tazama mahali hela inapovujia. Serikali ikifungwa, watumishi hugawanywa mafungu mawili. Wengine huambiwa wakae nyumbani; wengine, kama waongoza ndege na wakaguzi wa viwanja vya ndege, hulazimika kufika kazini bila mshahara. Kuanzia 22 Desemba 2018, robo ya serikali ilipofungwa kwa siku 35, watu kama 800,000 waliguswa. Lakini deni la mishahara halifutwi. Huko nyuma Bunge lilikuwa likiidhinisha malipo hayo kila baada ya ugomvi kwisha, na mwaka 2019 wakaitungia sheria kabisa: wote watalipwa, pamoja na yule aliyekaa nyumbani. Kwa hiyo serikali inalipa mshahara uleule, ila kwa kazi ambayo haikufanyika. Mwaka 2013, kwa siku 16 tu, mishahara ya namna hiyo ilifika dola bilioni 2.

Juu yake weka riba ya bili za wazabuni zilizocheleweshwa, na ada za viingilio vya hifadhi za taifa ambazo hazikukusanywa. Kamati ndogo ya Seneti ilipiga hesabu ya mara tatu zilizofungwa kati ya 2013 na 2019 ikapata karibu dola bilioni 4. Hiyo ni ya hazina peke yake. Kwa uchumi mzima, Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba zile siku 35 zilipunguza pato la taifa kwa dola bilioni 11, na bilioni 3 kati ya hizo hazingerudi tena.

Na panya nao hawakukosa. Hifadhi nyingi za taifa ziliachwa wazi bila askari wa kutosha. Taka zikarundikana, na Joshua Tree kule California wageni wakaharibu ile miti iliyoipa hifadhi jina lake.

Kilichonigusa zaidi ni ile pampu. Tarehe 25 Januari 2019 waongoza ndege wachache, waliokuwa wamefanya kazi zaidi ya mwezi bila kulipwa, hawakufika kazini kwa sababu ya ugonjwa. Ndege za kwenda LaGuardia, New York, zikazuiwa kwa muda. Siku hiyohiyo serikali ikafunguliwa. Mwaka 2025 hawakungoja pampu iungue: mamlaka ya anga iliamuru safari zipunguzwe katika viwanja vikubwa 40.

Kwetu tatizo hili limezibiwa njia mapema. Kenya, bajeti ikichelewa, Ibara ya 222 ya Katiba inaliruhusu Bunge la Taifa kuidhinisha hadi nusu ya makadirio ili kazi ziendelee. Tanzania kuna mkono mzito zaidi: Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali. Mtu anaweza kusema hapo wabunge wamebanwa mno, na ana hoja. Lakini mbunge anayejua kwamba kura yake inaweza kumrudisha jimboni kuomba kura upya haoni raha kungojea siku ya 43.

Gari la mjomba bado liko chini ya mwembe. Mwezi uliopita alikuja mnunuzi, akainama akachungulia chini, akalizunguka mara mbili, kisha akauliza kama viti vinauzwa peke yake.