Picha kongwe za Unguja: usiamini mwaka ulioandikwa nyuma

"Nyuma imeandikwa 1890, basi ni ya 1890." Maandishi hayo mara nyingi ni ya mjukuu aliyeirithi picha, si ya aliyeipiga. Kama ni picha ya Forodhani, igeuze uitazame Beit al-Ajaib, jumba la sultani lililoko ufukweni hapo. Jumba lilijengwa 1883, na mbele yake, upande wa bahari, palikuwa na mnara uliosimama peke yake. Manowari za Waingereza zilipopiga mizinga kasri tarehe 27 Agosti 1896, mnara ule uliharibika, na baadaye ukajengwa mwingine kwenye uso wa jumba lenyewe. Basi mnara ukiwa mzima, mbali na jumba, picha ni ya kabla ya mizinga. Ukiwa umechomoza juu ya paa, ni ya baadaye. Ikionekana treni ya kutoka mjini kwenda Bububu, usiseme ni ya kabla ya 1905. Na kama ni postikadi, tazama nyuma tena: mstari unaotenga ujumbe na anwani uliruhusiwa Uingereza 1902 na Ujerumani 1905. Hapo lakini umepata umri wa kadi tu. Studio zilichapa upya vioo vilevile (negativu za kioo) miaka na miaka, kwa hiyo kadi ya 1910 huweza kubeba mandhari ya kabla ya mizinga.

"Rangi ya chai ndiyo alama ya ukale." Karatasi za picha za karne ya 19 zilizopakwa ute wa yai hugeuka manjano kweli, kwanza kwenye sehemu nyeupe. Ila rangi ya kahawia ilitiwa pia makusudi kwa dawa, na siku hizi simu inaitia kwa kugusa mara moja. Chukua lenzi ya kukuzia mara 10. Ukiona vitone vilivyopangwa safu safu, hiyo imetoka kwenye mtambo wa kuchapia, yaani ni ukurasa wa kitabu au kadi. Karatasi ya ute wa yai haina vitone. Utaona nyuzinyuzi za karatasi chini ya mng'ao.

Rangi za postikadi nazo usizitolee ushahidi. Nyingi zilipakwa Ulaya na mafundi wasiowahi kukanyaga Unguja, kwa hiyo kanga nyekundu kwenye kadi haithibitishi kitu.

"Wapiga picha walikuwa Wazungu." Studio ya A. C. Gomes, Mgoa (mtu wa Goa, India), ilikuwa ikifanya kazi mjini tangu karne ya 19, na Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930.

"Walinuna kwa sababu walisimama dakika nzima." Kuanzia miaka ya 1880, kwa vioo vikavu (vilivyopakwa dawa tayari kiwandani), juani ilitosha chini ya sekunde moja. Kununa ilikuwa heshima.

"Kuipiga kwa simu kunatosha." Kwa kutuma WhatsApp, sawa. Kwa kuhifadhi, iskani kwa nukta 600 kwa inchi: kadi ya sentimita 9 kwa 14 itakupa pikseli kama 2,100 kwa 3,300, na hapo ndipo kibao cha duka kinaanza kusomeka. Kibao kikisomeka kinyume, kioo kiligeuzwa wakati wa kuchapa, igeuze nakala. Usizibe mpasuko kwa selotepu, gundi yake hupenya na kuacha doa la kahawia. Jina liandike nyuma, pembeni, kwa penseli laini. Picha iliyogandana na kioo cha fremu usiibandue: uso wa picha utabaki kiooni. Iskani ikiwa hapo hapo.