Je, wajua kwa nini kufua matambara machafu kunaweza kuwa na faida kubwa?

Mwaka 1929, katika mji wa Cincinnati nchini Marekani, Richard Farmer alianza kukusanya matambara machafu ya viwandani, akayafua na kuyauza tena kwa viwanda. Shughuli hiyo ya familia ndiyo iliyokuja kuzaa Cintas, kampuni kubwa ya kukodisha sare za kazi.

Wengi hueleza mafanikio ya aina hii kwa sababu moja: kazi chafu hudharauliwa, wanaoifanya ni wachache, na wachache hujipangia bei. Dhana hii ni kongwe. Adam Smith aliandika mwaka 1776 kwamba uchinjaji, ingawa ni kazi ya kuchukiza, katika sehemu nyingi una faida kuliko kazi nyingi za kawaida. Hata hivyo, dharau peke yake ni ukuta mfupi. Mwokota vyuma chakavu anadharauliwa pia, lakini kwa kuwa yeyote mwenye mikono na gunia anaweza kuianza kazi hiyo kesho asubuhi, bei hupangwa na mnunuzi na mwokotaji hubaki na kidogo. Uchafu hauleti faida. Pengine huwachelewesha tu washindani, na kuchelewa huko kuna manufaa pale tu ambapo aliyetangulia ana jambo la kujenga kabla hawajafika.

Jambo hilo, katika biashara ya matambara, ni njia ya gari. Dereva hufika karakanani, hupakia gunia la matambara yaliyoloa mafuta, huacha matambara safi yaliyohesabiwa, hupewa saini na kuondoka. Mwenye karakana hana hamu ya kubishania bei, kwa sababu malipo hayo ni sehemu ndogo sana ya matumizi yake, na pia kwa sababu matambara yenye mafuta ya aina fulani, kama mafuta ya mbegu za kitani, yakirundikwa huweza kupata joto na kuwaka moto yenyewe. (Ni nadra lundo la takataka lenyewe kumshawishi mteja alipie huduma.)

Gari hilo ni kama basi: mshahara wa dereva na mafuta ya safari havipungui sana kwa sababu viti vingi ni vitupu. Tuseme gari na dereva hugharimu 100 kwa siku, kwa sarafu yoyote, na kila mteja huacha 12 baada ya kutoa gharama za kufua. Wateja 10 waliotawanyika huleta 120, na faida ni 20. Wateja 25 waliokaribiana, ambao gari lile lile huwamaliza kwa siku hiyo hiyo, huleta 300, na faida ni 200. Wateja wameongezeka mara mbili na nusu. Faida imeongezeka mara kumi. Mshindani anayeingia mtaa huo akiwa na wateja 10 hawezi kushuka chini ya 10 kwa mteja, baada ya kutoa gharama za kufua, bila kula hasara, ilhali aliyemtangulia anaweza kushuka hadi 6 na bado akabaki na 50.

Hesabu hii ina masharti yake. Inadai mahitaji yanayojirudia kila wiki, na haimkingi mfanyabiashara ambaye nusu ya mapato yake hutoka kiwanda kimoja. Tena, habari za Cincinnati zinasimuliwa kwa sababu kampuni ilidumu. Madobi waliofilisika hawana msimulizi.

Sharti gumu zaidi hujitokeza siku ya kununua gari la pili. Likitoka na wateja wapya 6 pekee, huleta 72 na kugharimu 100, kwa hiyo faida ya 200 hushuka hadi 172 ingawa mapato yamepanda. Mpaka wapatikane wateja wapya 9 walio karibu, gari la kwanza ndilo linalolilisha la pili.