Maswali na Majibu: Kwa Nini Mkondo wa Umeme Hufuatiliwa Wakati wa Kuua Uvimbe kwa Mapigo ya Umeme?

Maswali haya ni ya ndugu wa wagonjwa wa saratani hapa Moshi, waliosikia habari za tiba hii na kutaka kuielewa.

Swali: Umeme unauaje uvimbe?

Jibu: Daktari huchoma sindano nyembamba kuzunguka uvimbe akiongozwa na picha za altrasaundi au CT skani, kisha mashine hupitisha kati ya kila jozi ya sindano mapigo mafupi mno ya umeme wenye volti zinazoweza kufika 3,000. Kila pigo kwa kawaida halizidi sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Mapigo hayo hutoboa utando wa seli vitundu visivyozibika, na seli hufa. Kwa kuwa kinachoua si joto, mishipa mikubwa ya damu iliyo jirani mara nyingi husalimika. Ndiyo sababu tiba hii hufikiriwa kwa uvimbe wa ini au kongosho usioweza kukatwa kwa usalama.

Swali: Ikiwa volti zimeshapangwa, mkondo wa nini tena?

Jibu: Tuchukue mfano wa mfereji unaomwagilia migomba huku mlimani. Volti ni kama mteremko, mkondo, unaopimwa kwa ampea, ni wingi wa maji yanayopita, na ukinzani ni matope na majani yanayoyazuia. Daktari huchagua mteremko, lakini wingi wa maji huamuliwa na mfereji wenyewe. Mwilini, utando wa seli nzima huzuia umeme. Vitundu vinapofunguka, maji yenye chumvi yaliyomo ndani ya seli huanza kuupitisha, ukinzani hushuka, na mkondo hupanda kadiri mapigo yanavyoendelea. Kupanda huko ni jibu la nyama yenyewe kwamba mapigo yameipata, na kwa maoni yangu hakuna namba nyingine kwenye mashine inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi. Hata hivyo, joto kidogo linaloletwa na mapigo hayo nalo hupandisha mkondo, kwa hiyo dalili hii peke yake haithibitishi kwamba uvimbe wote umekufa, na picha za baadaye hubaki kuwa za lazima.

Swali: Mkondo ukizidi au ukiwa mdogo?

Jibu: Wataalamu wengi hulenga ampea 20 hadi 40, wakianza na mapigo machache ya majaribio. Ukikaribia 50, mashine hukata umeme; huenda sindano zimekaribiana mno au kuna chuma karibu, hivyo daktari hupunguza volti, hufupisha pigo au hurekebisha sindano. Ukiwa mdogo, huongeza volti au huzisogeza sindano.

Swali: Moyo hautadhurika?

Jibu: Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi na kupewa dawa ya kulegeza misuli, na mapigo ya umeme hupangwa kufuata kipimo cha umeme wa moyo ili yatoke mara tu baada ya moyo kupiga, wakati ambapo misuli yake haiwezi kuitika. Kwa hiyo, mwenye mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, kifaa cha kuendesha moyo, au mrija wa chuma katika njia ya nyongo (kwa kuwa chuma huweza kuzidisha mkondo, kama tulivyoona), amweleze daktari mapema, na aende na karatasi za hospitali alikowekewa.